Kipa Tuliyemwita Bubu

Seif yakhe,

Kila nikija makaburini nakusalimia pamoja na wenzako wote mliolala pale, salamu moja ya jumla, nasoma Fatiha, kisha naondoka mbio kama mtu aliyeegesha gari vibaya. Leo nimeamua kukuandikia nyumbani, nimekaa kitako na simu nimeizima. Nakusalimia peke yako. Ni mimi Harith, beki wako.

Habari za huku. Basi lako la chuo kikuu limepewa dereva mwengine, mtu mpole, anafika kwa wakati na hasemi na mtu. Wanafunzi wanamlalamikia. Walizoea dereva anayewauliza mtihani umekwendaje na mama anaendeleaje, na akikosa wa kuzungumza naye anazungumza na taa za barabarani. Bi Salma wako yumo edani, hajambo, wageni hawamwishi. Zuwena wangu alianza kumpelekea mkate wa kumimina kila Alkhamisi. Joto limepungua kidogo hapa Al Khoudh, watu wanaweza kutembea baada ya Alasiri bila ya kununiana. Na ule ubao wa kikosi umeshatundikwa katika sabla, ukumbi wetu wa mikutano wa mtaa. Huo ubao ndio ulionishikisha kalamu.

Nitakuhadithia yote kama vile wewe hukuwepo. Usinicheke. Habari hii nimeihadithia miaka thelathini na kitu, na kila mara nairuka pale pale panaponiuma, kama mtu anayeruka kidato kilichovunjika katika ngazi ya nyumbani kwake. Nikiianza mwanzo nikaifuata hatua kwa hatua, labda safari hii nitakikanyaga.

Basi. Tulikuwa na timu ya mtaa, timu ya watoto wa waliorudi huku nchi ya babu zao kutoka Unguja na Pemba, na jina lake likawa Karafuu kwa sababu wazee wetu walishindwa kukubaliana juu ya jina jengine lolote. Uwanja wetu ulikuwa vumbi na mawe kando ya wadi, ule mto mkavu, pale ambapo leo pana majumba yenye mageti na duka la simu. Hodari sana hatukuwa. Silaha yetu ilikuwa moja: uwanjani tulisema Kiswahili kitupu. Wapinzani wakipanga mambo yao kwa Kiarabu sisi tunawafahamu. Sisi tukisema "mpe wa kushoto" wao wanasikia kelele tu. Na mwenye kelele kuliko wote ulikuwa wewe, golini. Ulianza kusema refa hajapuliza filimbi na ukanyamaza watu wameshavua viatu. Ulimpanga kila mtu, ukamsifu, ukamtukana kidogo, ukamwombea dua. Mimi niliyecheza mbele yako nilikuwa nikilala usingizi na sauti yako bado imo masikioni. Mtu kama huyo ndiye tuliyekuja kumwita Bubu.

Fainali ilichezwa Qurayyat, kwa wenyewe. Washabiki wetu walijipanga upande wa kivuli, mbali na goli tulilolilinda kipindi cha pili. Nyuma yako walisimama watu wa Qurayyat watupu. Na katikati ya washabiki wetu, juu ya kiti cha peke yake, alikaa Mzee Hilal, rais wa timu. Siku ile nilicheza kwa ajili ya kile kiti. Mama alikuwa ameshapeleka posa, kumposa Zuwena binti yake, na jibu lilikuwa halijarudi. Kila nikigusa mpira namtazama mzee kama ameona. Ukanigundua, ukapiga kelele, "Harith, mchumba hayumo uwanjani!" Timu nzima ikacheka, na wale wa Qurayyat hawakujua tunacheka nini.

Dakika za mwisho, bila kwa bila, ikaja krosi ya juu kutoka kulia. Haikuwa na hatari yoyote. Wenzetu wote walikuwa wameshapanda mbele kutafuta goli, hata beki mwenzangu, kwa hiyo nyuma tulikuwa mimi na wewe tu. Mpira ulikuwa unakuja mikononi mwako kama mgeni aliyealikwa. Ukaita. Seif, uliita. "Wacha!" Ukarudia, "Wacha! Wacha!" Nilisikia mara zote tatu, nilisikia kama ninavyosikia adhana. Lakini nilikuwa nimeshamwona Mzee Hilal anainuka kutoka kwenye kiti, na nikajiona mimi niko juu, naokoa timu kwa kichwa mbele ya baba mkwe. Nikaruka. Mpira ukanigonga utosini, ukakupita na mikono yako yote miwili imenyooka, ukaingia nyavuni kwetu. Tukagongana tukaanguka. Nilipofumbua macho ulikuwa juu yangu, unanitazama karibu sana, na kwa mara ya kwanza tangu nikujue hukuwa na la kusema.

Kwenye mpira kama ule sheria yetu ilikuwa inajulikana. Kipa akiita na beki asiache, kosa la beki. Kipa asipoita, kosa lake. Washabiki wetu walikuwa mbali. Watu wa Qurayyat walikusikia vizuri, walikuwa nyuma yako hatua tano, lakini kwao ilikuwa ile ile kelele yetu ya siku zote. Ile janja yetu ya Kiswahili, tuliyojisifia kila barza, ndiyo iliyotuacha mimi na wewe peke yetu na ukweli.

Kocha akaja, na Mzee Hilal nyuma yake. "Seif, uliita?" Ukanitazama. Mimi niliinama nikafunga kamba ya kiatu, na ile kamba haikuwa imefunguka. Nakumbuka mpaka leo nilivyoifungua kwanza ili nipate cha kufunga.

"Sikuita," ukasema. "Sauti imenikwama, Mzee."

Mzee Hilal hakukasirika hata. Akasema, "Kipa bubu," akageuka akaenda zake. Tulipopanda pikapu kurudi nyumbani walikuwa wameshalitia jina lile katika wimbo, na wewe umekaa juu ya tairi la akiba unapiga makofi pamoja nao. Tulipofika mtaani ndipo ukanivuta pembeni. Nilidhani utanipiga, na laiti ungenipiga. Ukaniambia, "Oa kwanza. Utasema baadae."

Jibu la posa lilirudi siku tatu baadaye, nikaoa. Wewe ndiye uliyebeba sinia la halwa siku ya harusi. Nikasema fungate ipite. Nikasema mtoto azaliwe. Mtoto akazaliwa, nikasema sasa Mzee Hilal anaumwa, si wakati wake. Mzee akapona, nikasema mambo yenyewe yameshakuwa ya kale, nani anakumbuka. Watu wote walikuwa wanakumbuka. Msimu wa pili yake walikuweka kipa wa akiba, na wa akiba ukabaki, miaka yote mpaka magoti yakakataa. Ulikuwa wa kwanza kufika uwanjani na glavu zako, ukakaa juu ya kreti la soda, ukatupangia mabeki kutoka pale pale ulipokaa. Jina likatoka uwanjani likaenda dukani, likaenda msikitini. Mwanao Mundhir alipokuwa na miaka kumi, ana mikono kama yako, alikataa kusimama golini. Ulinihadithia sababu yake, lile jina, huku unacheka. Cheko lile lilikuwa fupi, Seif, niliona, na nikabadilisha mazungumzo nikakuuliza bei ya matairi.

Sasa tuje kwenye kokwa.

Kamati ilipotaka washabiki wachague kikosi cha Karafuu cha zama zote, wachezaji kumi na moja wanaopendwa tangu timu ianze, vijana walitaka kura zipigwe kwa simu. Wazee wakakataa, wakasema nyumba moja ina simu nane na wajukuu walioko ng'ambo watawachagua watu wasiowahi kuwaona. Ndipo ukaja wewe na fikra yako. Kila mchezaji awekewe kikombe cha kahawa chenye jina lake, na kila mshabiki aje ale tende kumi na moja pale pale mbele ya watu, kokwa zake ndizo kura zake. Asiyekula hachagui. Sabla nzima ilikushangilia. Wenye maradhi ya sukari walikuja na wajukuu wa kuwalia tende, na kila mjukuu aliapishwa kwamba hatatia kokwa pale apendapo mwenyewe.

Unakumbuka mchana ule? Wazee wawili waliozoea kukaa zulia moja walihamiana pembe kwa ajili ya winga wa kushoto. Mwengine alitaka kumpa kokwa refa, kwa penalti aliyotupa zama hizo. Akina mama walipiga kura katika ukumbi wao, na kikombe chao kilichojaa kikawa cha yule winga wa kulia ambaye hakupata kufunga hata goli moja ila alikuwa na nywele. Wewe ulikuwa unasuuza vikombe, unamimina kahawa, unawakumbusha watu majina waliyoyasahau, huyu alicheza na homa, yule alikuja uwanjani kutoka kwenye harusi yake. Kokwa yako ya beki uliiinua juu kila mtu aione. "Huyu beki wangu," ukasema, ukaitia katika kikombe changu.

Mimi nilikuwa katibu, kwa hiyo kazi ya kuhesabu ilikuwa yangu. Kabla ya kukimimina kila kikombe nilikitikisa, na watu wakakisia kwa mlio. Changu kilikuwa kimejaa hata hakikuweza kulia. Wakanipa na unahodha. Tulipofika kwa makipa nikakitikisa chako. Kokwa nne. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Kikombe cha Bubu nacho bubu!"

Sabla ikaangua kicheko. Wewe ukacheka, umeshika birika la kahawa. Na mimi nikacheka. Nataka nikwambie hili waziwazi, maana ndilo linaloniamsha alfajiri: sikutabasamu tu kwa kuwaridhisha watu, nilicheka mpaka meno nje, na kikombe chako kimo mkononi mwangu. Ningeweza kusema pale. Maneno mawili yalitosha. Badala yake nikamwaga kokwa zako nne mkekani nikaita kikombe kinachofuata.

Wiki tatu baadaye ulikuwa hospitali na moyo wako ule. Nilikuja na machungwa. Ukasema, "Nahodha kaja," ukaniwekea nafasi ukingoni mwa kitanda. Nilimenya chungwa moja nusu saa. Nilitoa hata zile nyuzi nyeupe, moja moja. Ukanitazama mikono, kisha ukaniuliza, "Una neno, Harith?"

"Sina," nikasema. "Kula chungwa."

Ukala. Ukasema tamu. Jumanne ya pili yake, kabla ya Adhuhuri, ukaondoka.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika habari ya msiba kwenye wasapu ya timu. Niliandika inna lillahi, nikaandika jina lako na la baba yako, kisha nikaona watu wengine hawatajua ni Seif yupi, nikaongeza: maarufu kwa jina la Bubu. Niliandika hivyo kwa kidole changu, Seif, maiti yako haijaoshwa. Siku ya tatu ya tanga wakaniomba niseme machache juu yako, nikasimama nikasifu subira yako. Watu walilia. Mundhir alinikumbatia.

Wiki chache nyuma Mundhir alikuja nyumbani kwangu. Hakutaka kahawa. Akanionyesha kwenye simu yake picha ya ubao kama mwandishi wa vibao alivyouchora, bado haujapakwa rangi ya mwisho. Kumi na moja juu, jina langu la kwanza kwa unahodha, na chini kabisa kamati ikaona iongeze mstari mmoja wa kuchekesha: Kipa wa akiba, Bubu. Jina lako hata halikuwemo.

"Ami," akaniambia, "mimi siombi awemo katika kikosi. Nnaomba waandike jina lake tu." Kisha akaniuliza, "Hivi kweli baba hakuita?"

Kijana amekaa kwenye kochi langu. Ana nyusi zako. Amenipa mlango wazi kabisa, hata kuusukuma sikuhitajiwa.

Nikamwambia, "Mambo ya zamani hayo, mwanangu."

Akashukuru akaondoka. Zuwena alikuja kuondoa sinia, akauliza mtoto wa Seif amekujia nini, nikamwambia mambo ya ubao. Nilikaa pale mpaka adhana ya Magharibi. Nimekuwa nikisali safu ya mbele miaka mingi, watu wananipisha, na kila mtoto wa madrasa anajua kwamba deni baina ya mja na Mola wake lina toba, lakini haki ya mtu anaisamehe mwenyewe aliyedhulumiwa. Na mwenyewe nilikuwa nimeshamzika. Mlango ule niliufunga mwenyewe, nikimenya chungwa.

Kilichobaki ni jina lako kwa waliobaki. Hilo nikalishika.

Ijumaa ya kuuzindua ubao, baada ya Alasiri, sabla ilijaa. Ubao umefunikwa kitambaa cha kijani, halwa imekuja, akina mama wamo ukumbini kwao na mlango wa kati umefunguliwa ili nao wasikie. Mzee Hilal aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Amepita tisini sasa, masikio hayasikii, na kile kifaa cha sikio amekiacha nyumbani kama kawaida kwa sababu anasema kinampigia mluzi. Walimweka mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwangu. Nahodha akaitwa aseme.

Nilikuwa nimeandika karatasi. Sikuitoa. Nilisema haraka, na kwa sauti ndogo, nakiri hilo pia. Nikasema siku ya fainali Qurayyat kipa aliita, mimi nikasikia, nikaenda kwa makusudi ili nionekane, na aliposema hakuita alikuwa ananisitiri mimi. Nikasema sijalisema hili miaka yote na yeye yupo.

Nikadhani nimemaliza.

"Kasema nini?" akauliza Mzee Hilal.

Aliyekaa karibu yake, kwa kutaka kunifichia, akamwinamia, "Anakumbusha mambo ya mpira, Mzee."

"Mambo gani? Mbona watu wamekunja nyuso? Harith, njoo hapa. Sema kwa sauti, mimi sisikii!"

Ikabidi nimwendee, nimwinamie sikioni mbele ya watu wote, niseme tena kwa kupiga kelele. "Seif aliita!" Akasema, "Nini?" Nikavuta pumzi. "Seif aliita, Mzee! Mimi ndiye niliyekosa! Kanisitiri!" Akaniashiria na mkono nirudie ya mwisho. Nikarudia. Vijana waliokuwa nje wanaegesha magari waliingia kutazama nani anagombana. Mlango wa akina mama ulikuwa wazi, na nilijua Zuwena yumo humo.

Mzee alinitazama sana. "Kwa sababu gani?"

"Nilitaka unipe Zuwena!"

"Khaa!" Akapiga magoti yake kwa viganja. "Nilikuwa nimeshakupa! Nimekubali kabla ya mechi. Nilimwambia mama yako anyamaze mpaka mpira uishe, usije ukavimba kichwa uwanjani."

Hapo hakuna aliyecheka, Seif, ingawa wewe ungecheka. Ningetoa chochote kulisikia cheko lako pale. Miaka yote ile umebeba jina lile kuniombea kitu ambacho kilikuwa kimeshakuwa changu, kiko mfukoni kwa Mzee, kinasubiri filimbi.

Niliiomba kamati ifute jina langu ikuweke wewe. Mara moja wazee wakaanza kubishana: kokwa zimeshatupwa, je, tende ziliwe upya, je, kura ya aliyedanganywa inasihi. Mundhir akasimama. Hakupaza sauti, na wote wakanyamaza.

"Baba hakukosa kura," akasema. "Baba alikosa shahidi." Kisha akanigeukia. "Na wewe Ami, jina lako libaki pale pale, juu. Kila ukiingia ulione."

Nilidhani nikisema nitapata nafuu. Sikupata. Nilitoka mle nimevaa aibu yangu kama kanzu mpya, kila mtu anaiangalia. Baadhi ya wenzetu wananisalimia kwa ncha za vidole. Mmoja alinilaumu kwa nini nimefukua, angalau yeye alikuwa mkweli. Tuliporudi, gari imefika mlangoni, Zuwena akanigeukia. Akasema, "Umenioa kwa kinywa cha mtu mwengine." Akashuka. Anapika, ananiwekea chakula, anauliza kama nimekunywa dawa ya presha. Lakini mkate wa kumimina sasa anampelekea Bi Salma mara mbili kwa wiki na hukaa huko mpaka Isha. Bi Salma mwenyewe alimpa salamu moja tu ya kuniletea: "Mwambie nimesikia." Nimezigeuza salamu hizo kila upande, na sijui zina nini ndani. Sina haki ya kuuliza.

Kuna wakati najiambia kwamba siku ile uliposema "utasema baadae" ulikuwa umeshanisamehe. Kisha namkumbuka Mundhir wa miaka kumi, na naona hata kama ulinisamehe la kwako, la mtoto hukuwa na mamlaka nalo. Hilo naliacha kwake. Sijamwomba. Namwogopa kidogo, nikwambie kweli.

Ubao umeshapakwa rangi. Mundhir alimwomba mwandishi kitu kimoja tu. Ule mstari wa chini umefutwa, na mahali pake pana jina lako kamili na la baba yako, kipa wa Karafuu, na baada yake neno moja: Aliita.

Juzi nilikwenda sabla na mjukuu wangu Raya, yule wa miaka minane uliyekuwa ukimpigia honi ukipita na basi. Sasa anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye chupa. Akaanza juu ya ubao akashuka mpaka chini, akasimama kwenye lile neno.

"Babu, aliita nini?"

"Aliita wacha."

"Na nani hakuacha?"

Ningeweza kumwambia mambo ya zamani, Seif. Ulimi ulikuwa umeshalitafuta neno lenyewe, umelizoea. Nikainua kidole nikamwonyesha jina la kwanza juu. Akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akanitazama.

"Hilo jina lako."

"Ndilo," nikamwambia.

Aliushika mkono wangu, tukaenda kununua maziwa.

Kwaheri, kipa wangu. Mola akupanulie ulipo, na akupe wa kuzungumza nao, maana najua bila ya hilo hutakaa. Sikuombi unijibu na sikuombi msamaha katika barua hii. Naahidi jambo moja. Maadamu natembea, kila Ijumaa nitaingia sabla nikae chini ya ule ubao, na atakayeuliza, mkubwa au mdogo, nitamwonyesha kwa kidole hiki hiki kilichoandika Bubu.

Harith,
uliyemwambia aache.